Taa Moja Iliyosimama

Kwa nini taa moja ilikuwa imesimama, ilhali nyingine zote zilikuwa zinakwenda?

Namkunda alijiuliza swali hilo akiwa ameinamia simu yake kwenye kizingiti cha kibanda chake cha ushonaji, na hakuwa na jibu. Nchi yake, kwa bahati nzuri, haikuwahi kupungukiwa na majibu. Ilikuwa nchi ambayo sheria zake zinamtaka kila anayelitaja jina lake asimame wima na kuweka mkono kifuani; na kwa kuwa msomaji huenda ameketi, au hata amejilaza, tutaliacha jina hilo lipumzike. Yatosha kusema kwamba ilikuwa na Wizara ya Nuru, Waziri wa Nuru, Wimbo wa Nuru ambao watoto walifundishwa kabla ya herufi, na giza la kutosha kuwagawia majirani.

Picha yenyewe ilikuwa ya gauni. Namkunda, fundi cherehani wa kijiji cha Kirindeni, alikuwa amemshonea mdogo wake Nakiete gauni pana la ujauzito, la kitambaa cha rangi ya chungwa. Jioni ile alimsimamisha uani ampige picha, apate kumtumia mteja mmoja wa mjini aliyetaka la namna hiyo.

"Geuka kidogo. Usinune, Nakiete, watu watadhani gauni linakubana."

"Kinachonibana si gauni, dada, ni huyu mwanao. Anapiga mateke kama yuko uwanjani."

"Mwambie mwamuzi amekwisha kupuliza filimbi. Tulia."

Jua lilikuwa limezama na mwanga uliobaki ulikuwa wa kuazima, hivyo simu ikachukua muda mrefu kuliko kawaida kufumba jicho lake. Nakiete alitulia kweli. Namkunda alilitazama gauni, akatazama pindo, akatazama mshono wa bega. Mlima hakuutazama. Asubuhi tu, alipoikuza picha ili aone kama uzi umekaa sawa, ndipo alipoona kwamba nyuma ya bega la mdogo wake, kwenye mgongo wa mlima Ngolwe, palikuwa na mstari wa taa. Zilikuwa zimemwagika kidogo kwenda upande mmoja kwa kuwa zilikuwa mwendoni, kama mishono ya haraka iliyopigwa na mtu mwenye wasiwasi. Isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa nyuma ya wenzake, chini kidogo, ya duara, imetulia kama kifungo kilichoshonewa gizani.

Taa zilikuwa za nini, hilo halikumsumbua. Hakuna mtu wa Kirindeni ambaye lingemsumbua.

*

Kirindeni kulikuwa na zahanati nzuri, yenye mlango wa buluu, kitanda cha kuzalia na muuguzi mwenye moyo. Kilichokosekana ni umeme. Hapo awali wanawake walijifungulia humo kwa mwanga wa chemli, mpaka wakubwa wa afya walipogundua, kwa masikitiko makubwa, kwamba vifo vya gizani vinaharibu takwimu. Ukatolewa Waraka wa Uzazi Salama, uliopiga marufuku mtu yeyote kujifungua ndani ya jengo la serikali lisilo na umeme baada ya jua kuzama. Muuguzi akaamriwa afunge mlango jioni na aondoke na ufunguo. Tangu siku hiyo hakuna mwanamke hata mmoja aliyefia katika zahanati ile usiku, na wilaya ikatunukiwa ngao.

Wanawake, ambao hawakuwa wamesomewa waraka, waliendelea kushikwa na uchungu saa yoyote. Aliyeshikwa jioni alilazwa kwenye machela, akabebwa na wanaume wanne kuuvuka mlima Ngolwe hadi hospitali ya misheni upande wa pili, jamaa zake wakimulika njia kwa chemli.

Na machela ilikuwa na mwiko wake. Wabebaji hawasemi njia nzima. Anayeiona inapita hugeuza uso. Tena hakuna anayeitaja safari ile, wala aliyebebwa, wala aliyebeba, mpaka mtoto atimize arobaini na kutolewa nje kuonyeshwa jua. Kabla ya hapo, walisema watu wa Kirindeni, mtoto ni mgeni aliyesimama mlangoni; ukitaja safari yake kabla hajaketi, atadhani anaagwa, naye ataondoka.

Kwa hiyo Namkunda alijua kwamba taa zile zilikuwa chemli za machela. Alikisia pia ni ya nani, maana mlango wa jirani yake Aikande ulikuwa umefungwa na pazia jeupe limetundikwa, kama ilivyo desturi ya nyumba yenye mzazi. Alifurahi moyoni, akanyamaza. Swali la ile taa moja iliyosimama alilimeza, kwa sababu kuuliza nako ni kutaja.

*

Mteja wa mjini aliipenda kazi. "Gauni zuri sana, fundi," aliandika. "Na hizo taa za nyuma ni za nini?"

"Za njiani," alijibu Namkunda, na hakusema uongo.

Lakini mteja alikuwa mtu wa kushirikisha wenzake neema. Aliituma picha kwa wifi zake, wifi mmoja akaipeleka kwenye kundi la kwaya, mwimbaji wa sauti ya nne akaipeleka kwa binamu yake, na binamu, kama ilivyo kwa mabinamu wengi wa nchi ile, alikuwa mtu wa Usalama. Jioni hiyo hiyo ikajulikana katika ofisi zote kubwa kwamba huko milimani kuna taa zinawaka bila kibali.

Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Shekivuli, alifika Kirindeni na msafara wa magari ambao vumbi lake lilifika kabla yake na kuondoka baada yake. Alishuka na askari mwenye kalamu, akasimama mbele ya cherehani.

"Wewe ndiye mpiga picha?"

"Shikamoo, mheshimiwa. Mimi ni fundi cherehani."

"Una leseni ya kupiga picha milima?"

"Nilikuwa napiga gauni."

"Gauni liko mbele. Nyuma kuna nini?"

"Mlima."

"Mlima ni wa nani?"

Namkunda alifikiri. Hakuwahi kuulizwa swali la namna hiyo. "Wa Mungu, mheshimiwa."

"Andika," Mkuu wa Wilaya alimwambia askari. "Amemtaja mshirika wake."

Wakaagiza gauni lenyewe liletwe. Lilikuwa mwilini mwa Nakiete, aliyekuwa anapepeta mchele uani, na halikusubiriwa lifuliwe. Nakiete alijifunga kanga, akalitoa kupitia dirishani, na gauni likakunjwa, likatiwa ndani ya mfuko, likapakiwa garini kama kielelezo.

"Dada," alisema Nakiete, magari yalipokwisha kuondoka, "wakirudi kumchukua na mtoto, uwaambie bado hajapindwa."

Namkunda alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha aliacha kucheka. Mdogo wake alikuwa amebakiza majuma machache tu, na uchungu, kama sote tujuavyo, hauulizi saa.

*

Serikali haikukurupuka. Iliunda Tume ya Taa Zisizo na Maelezo, chini ya Profesa mmoja aliyekuwa amesoma nchi za mbali kiasi kwamba alihitaji mwongozaji kurudi. Tume ilipiga hema uwanja wa shule, ikafunga jenereta iliyonguruma mchana kutwa ili barafu ya vinywaji isiyeyuke, na ikawaita wananchi mmoja mmoja.

"Unaziona taa hizi?"

"Naziona."

"Ni za nini?"

Hapo kila mtu aliinamisha uso. Wazee walitazama vidole vya miguu yao. Wanawake walivuta kanga vichwani. Mume wa Aikande aliitwa naye, akatazama picha mara moja tu, akasimama, akatoka nje bila kuaga, akaonekana akitapika nyuma ya choo cha shule. Tume iliandika kwamba amezidiwa na furaha.

Wakati huo pazia jeupe lilikuwa bado linaning'inia mlangoni pa Aikande, na kijiji kizima kilihesabu kimoyomoyo kuelekea arobaini. Namkunda alipoitwa, alisema, "Nilikuwa napiga gauni," na akalirudia neno hilo kila alipoulizwa, mpaka katibu akaacha kuliandika.

Ripoti ilikuwa nene na yenye picha za wanatume. Ilieleza kwamba taa zile haziwezi kuwa nyota, kwa sababu nyota hazipandi mlima kwa foleni. Haziwezi kuwa za wachawi, kwa sababu wachawi wote wa wilaya ile wanafahamika na ni wanachama hai wa chama. Haziwezi kuwa za adui, kwa sababu adui hana sababu yoyote ya kutaka kufika Kirindeni. Juu ya ile taa iliyosimama Profesa aliandika sura nzima. Nyingine, alisema, zimemwagika kwa kuwa ni za daraja la chini. Hii moja haikutetereka, na hivyo ni taa ya daraja la kwanza, ya kuigwa na wenzake. Na kuhusu ukimya wa wananchi, Tume ilibainisha kwamba ni dalili ya kuridhika.

Ripoti ilipowekwa mezani kwa Waziri wa Nuru, Waziri hakuisoma. Aliitazama picha. Nyuma ya kiti chake ilikuwa imetundikwa ramani ya nchi, na kila kijiji chenye umeme kilipakwa rangi ya manjano. Ramani yote iling'aa kama ubwabwa wa harusi, kwa kuwa wapakaji walikuwa hodari kuliko mafundi wa nguzo. Doa moja tu lilibaki jeusi, nalo ni Kirindeni, ambako hata rangi ilikuwa haijafika.

"Ndugu zangu," alisema Waziri, "katika nchi hii ni nani mwenye mamlaka ya kuwasha taa?"

"Ni wewe, mheshimiwa."

"Basi hizi ni zangu."

Mhandisi mmoja, ambaye hakukaa sana kazini baada ya hapo, alikohoa. "Mheshimiwa, huko hatujapeleka hata nguzo moja."

"Nguzo!" alisema Waziri, kwa huruma. "Bado unawaza nguzo."

Akaomba brashi, akalipaka doa lile kwa mkono wake mwenyewe.

*

Sasa kulikuwa na lori. Hili ndilo jambo ambalo Namkunda hakuweza kulisamehe baadaye, hata pale alipojaribu kuwasamehe mengine. Muuguzi wa Kirindeni alikuwa akiomba mitambo ya umeme wa jua kwa ajili ya zahanati tangu alipokuwa msichana, na sasa alikuwa na mvi. Mwaka ule ombi lilikubaliwa. Mitambo ilipakiwa kwenye lori, lori likaondoka mjini, na habari zikafika kijijini kwamba limeonekana njiani. Kila aliposikia mngurumo barabarani, Nakiete alipiga vigelegele nusu, akavikatisha, akisubiri avimalizie kwa haki.

Lori lilifika. Lilipita mbele ya zahanati yenye mlango wa buluu bila kupunguza mwendo, likasimama njia panda. Mafundi wakashuka, wakaanza kuchimba mashimo na kusimamisha vyuma.

Namkunda alikwenda akihema. "Jamani, mmepitiliza! Zahanati ni ile pale."

Msimamizi alimtazama kwa upole wa mtu aliyeagizwa. "Tunajua, mama. Zahanati haihitaji tena. Kirindeni kuna umeme."

"Nani kasema?"

"Si picha yako?"

Vyuma vilikuwa vya bango. Lilipandishwa likawa refu kuliko jengo lolote kijijini, na juu yake ikabandikwa ile picha, imekuzwa mpaka mlima ukawa mkubwa kama mlima. Juu ya bango wakafunga mitambo ya zahanati, na kando yake taa zote za zahanati, zielekee kwenye picha, ili taa zilizomo pichani zionekane vizuri usiku. Nakiete alikuwa ameondolewa, maana mimba haikuwa sehemu ya maudhui. Mahali pake akawekwa Waziri. Lakini mafundi wa wizara walikuwa na haraka, hivyo Waziri wa Nuru alisimama mbele ya mlima Ngolwe akitabasamu, mkono mmoja umeinuliwa, huku amevaa gauni la ujauzito la rangi ya chungwa lililoshonwa vizuri sana mabegani.

Hakuna aliyecheka. Askari aliwekwa pale kuhakikisha.

"Sema basi, dada," alisema Nakiete jioni ile. Walikuwa wamekaa mlangoni, wanatazama bango likiwaka peke yake kama harusi isiyo na watu. "Wewe ndiye uliyepiga. Waambie ni machela."

"Arobaini haijatimia. Nikisema nitamuua mtoto wa Aikande."

"Na usiposema?"

Nakiete aliiweka mikono yake miwili juu ya tumbo, kama mtu anayeziba masikio ya mwingine.

*

Uzinduzi ulifanyika saa sita mchana, kwa sababu Waziri alipenda kurudi mjini kungali na mwanga. Watoto waliimba Wimbo wa Nuru beti zake zote. Bendi ya polisi ilipigwa jua mpaka tarumbeta zikawaka zenyewe. Mheshimiwa Shekivuli alimkaribisha mgeni rasmi kwa vyeo vyake vyote, na vyeo vilipokwisha watu wakadhani ndiyo hotuba, wakapiga makofi.

"Wananchi wenzangu!" alisema Waziri. "Wapo wasiotutakia mema, wanaopita huku na huko wakisema hawaoni mwanga. Nawauliza: kuona ni kazi ya nani? Ni kazi ya serikali? Serikali imekwisha kufanya kazi yake! Serikali imewasha! Sasa kila mmoja wenu, kwa nafasi yake, afanye kazi ya kuona!"

Akabonyeza kitufe. Jua lilikuwa utosini, na taa za bango, ziwe zimewaka au hazikuwaka, hazikuonekana.

"Makofi," alisema Mkuu wa Wilaya, na makofi yakapigwa kwa imani.

Itifaki ilikuwa imepanga kwamba baada ya hapo atoe shukrani mnufaika wa kwanza, naye awe mama aliyejifungua karibuni, ili nuru na uhai viende pamoja. Mkuu wa Wilaya alikuwa amewatuma watu wake asubuhi watafute nyumba yenye pazia jeupe. Hawakuwa wenyeji, hawakujua kwamba pazia lile haliinuliwi na mgeni. Waliliinua. Na ili mnufaika aoane na bango, walikuwa wamekumbuka kwamba kuna gauni wilayani.

Aikande aliongozwa jukwaani amevaa gauni la Nakiete. Kwa upana wake lilimning'inia, likapeperushwa na upepo pale mbele ambapo hapakuwa na kitu cha kulijaza. Mikononi hakubeba mtoto. Mnong'ono ulipita katika umati kama maji yapitayo chini ya majani, na mama mkwe wake, Bibi Ndekia, aliyekuwa ameketi chini pamoja na wakongwe wenzake, akajifunika kanga uso mzima.

"Karibu, mama!" alisema Waziri. "Na mtoto je? Amelala? Vizuri, vizuri, watoto wa nuru hulala vizuri. Hebu waeleze wananchi, taa hizi zimekusaidia vipi?"

Mkuu wa Wilaya akamkabidhi fimbo ndefu ya kuonyeshea.

Aikande hakuwa amewahi kuiona picha ile. Aliinua macho. Akaitazama muda mrefu, na watu wakaona uso wake ukiutambua mlima, kisha njia, kisha kila taa mahali pake. Aliinua fimbo.

"Hii ya mbele ni ya mume wangu," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kipaza sauti cha serikali kilikuwa kizima siku hiyo. "Aliishika kwa meno, maana mikono yote miwili ilikuwa kwenye mti wa machela."

"Machela!" alisema Waziri, akiwageukia wapambe wake kwa furaha. "Chapa mpya?"

"Hii ni ya shemeji yangu. Hii ya mke wake. Zimemwagika hivi kwa sababu watu walikuwa wanakimbia. Damu ilikuwa nyingi. Niliwasikia wanakimbia na hakuna aliyesema neno, kwa kuwa sisi hatusemi."

Fimbo ilishuka pichani taratibu, ikapita mahali peusi, ikafika kwenye ile taa ya duara.

"Na hii ni ya mama mkwe wangu. Mtoto alizaliwa hapa, penye mawe. Mimi wakanikimbiza kwenda hospitali, yeye akabaki naye nyuma. Aliiweka chemli chini ili apate mikono miwili ya kumkanda kifua. Akawa anamsubiri alie." Hakuiondoa fimbo. "Hakulia. Ndiyo maana imesimama."

Bango lilivumishwa na upepo.

"Alikuwa wa kike," alisema Aikande. "Mama alimzika alfajiri, peke yake, na pazia tukaliacha, maana nani angeuliza? Mtoto ambaye hakuketi hatajwi. Mimi leo namtaja."

Waziri alikuwa mtu mwenye uzoefu. "Tumshukuru mama," alisema, akiichukua fimbo mkononi mwake, "kwa ushuhuda wa kutia moyo sana! Ameguswa, kama mnavyoona, na sisi sote tumeguswa. Bendi!"

Na bendi, Mungu aisamehe, ilipiga.

*

Namkunda alisikia tarumbeta kama mtu aliye chini ya maji. Kwa majuma yote yale alikuwa ameubana ulimi wake kwa meno ili mtoto aishi. Alikuwa ameuvumilia ukuu wa Shekivuli na usomi wa Profesa, ameliona lori likiupita mlango wa buluu, ameona taa za kumzalishia mdogo wake zikitundikwa juu ya uso wa mwanamume mwenye gauni, na mbele ya yote hayo akasema, nilikuwa napiga gauni. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama zamu mlangoni pa mtoto, kimya, kisimwamshe. Na mtoto alikuwa chini ya mawe tangu siku ya kwanza. Ukimya wao haukumlinda yeye. Ulimlinda nani, basi? Aliinua macho, akamwona Waziri amekaa kwenye kiti chenye mto, anapepewa.

Hasira iliyompanda haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ya fundi anapogundua kwamba kitambaa kilikatwa vibaya tangu mwanzo, na kwamba hakuna kushona kutakakokirekebisha. Alipita katikati ya watu. Nakiete alimshika mkono, akaona uso wake, akamwachia. Namkunda alipanda jukwaani, akavua kanga yake ya mabegani, akamfunika nayo Aikande juu ya lile gauni, akamshika na kumsimamisha kando yake. Kisha akakichukua kipaza sauti mbele ya Mkuu wa Wilaya, kwa adabu, kama mtu anayepokea kikombe.

"Huyu ndiye mpiga picha!" alipiga kelele Mheshimiwa Shekivuli. "Askari! Huyu ndiye yule mwenye mshirika!"

Askari mwenye kalamu alikuwa kijana aliyeoa Kirindeni. Aliitazama picha, akamtazama Aikande, akatazama mlima wenyewe uliokuwa nyuma ya bango. Kisha, taratibu sana, akageuza uso, kama afanyavyo mtu anayeona machela ikipita.

Bendi ilikatika vipande vipande, ngoma ya mwisho ikajigundua iko peke yake.

"Picha hii niliipiga mimi," alisema Namkunda. "Taa mmekwisha kuambiwa ni za nani, na mwenye haki ya kuwaambia amewaambia. Mimi nawaambia nitakachofanya, ili kesho asitokee wa kusema hakusikia. Machela iko nyuma ya nyumba ya Aikande. Nakwenda kuichukua sasa hivi, mchana huu, na asinigeuzie uso mtu. Nitazishusha taa hizi, zote, pamoja na mitambo yake, nizipakie kwenye machela na kuzipeleka zahanati, na leo jua likizama mlango ule hautafungwa. Muuguzi, ufunguo uwe mkononi. Atakayetaka kunikamata hatahangaika kunitafuta, nitakuwa humo ndani, penye mwanga, na mdogo wangu. Nahitaji wabebaji wanne. Na safari hii tutakwenda tukisema."